Mume anayempiga mkewe: watoto waandaliwe vipi bila siri kuvuja?

MshauriFamilia
Wadau, naomba maelezo ya vitendo kwa mama ambaye bado anaishi na mume anayempiga. Watoto wana miaka 4 na 9. Vurugu zikianza usiku wafanye nini? Na wakifundishwa, si watamwambia baba yao?

NesiWaZamu
Huyo wa miaka 9 ndiye wa kuangaliwa zaidi, maana atajiona ana wajibu wa kumkinga mama. Aambiwe waziwazi: "Kazi yako si kunitetea, ni kutoka na mdogo wako." Mama naye asikimbilie chumba walimo watoto, wala asimbebe mdogo akidhani mume atamwonea huruma, pigo alilolengwa mama huweza kumpata mtoto. Asogee mbali na jikoni (visu, maji ya moto) na bafuni, akae upande wenye mlango wa nje.

Chagueni sentensi ya kawaida isiyosemwa kila siku, mfano "Nani kachukua kalamu nyekundu?" Mkubwa akiisikia, anamshika mdogo mkono, wanakwenda kwa jirani aliyekwisha kuandaliwa. Mazoezi yafanyike kama ya kujiokoa na moto. Hapo hata mdogo akiropoka, hakuna kilichovuja. Namba ya simu ya mtu wa kuwasaidia waishike kichwani, kwa sababu simu ya mama ndiyo hunyang'anywa kwanza.

Na kama mume amewahi kumkaba mama shingo, hata bila alama, hatari ya kuuawa imepanda sana. Mama akikabwa, aende hospitali siku hiyohiyo: koo huweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

MsaidiziWaSheria
Zoezi walijue, siku ya kuondoka wasiijue. Mtoto akibanwa maswali atasema, na si kosa lake.

Begi la kuondokea likae kwa mtu asiye wa upande wa mume: dawa, kadi za kliniki, funguo za akiba, pesa taslimu, nguo jozi moja kwa kila mtoto. Vyeti vya kuzaliwa vipigwe picha kwanza, vyenyewe vichukuliwe siku ya mwisho. Droo tupu humshtua mume kabla ya wakati.

Kinachoharibu mipango mingi ni simu. Kishikwambi cha mtoto kilichofunguliwa kwa akaunti ya baba kinaweza kuonyesha kilipo, kiachwe nyumbani. Mipango ifanywe kwa simu ya mtu mwingine.

MshauriFamilia
Na shule?

MsaidiziWaSheria
Mwalimu mkuu apewe kwa maandishi majina ya wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, pamoja na nakala ya amri ya mahakama (ya ulinzi au ya malezi ya watoto). Bila amri, sehemu nyingi baba ana haki sawa na mama, na shule haiwezi kumzuia. Kwa hiyo amri iombwe mapema. Anwani mpya isiandikwe kwenye fomu ambazo baba anaweza kuziona. Kipindi cha kuondoka na wiki zinazofuata ndicho cha hatari kubwa, basi njia na saa za kumchukua mtoto zibadilishwe pia.