Mjadala: Mpigakura wa Afrika Kusini anachagua rangi au anachagua hoja?

Mleta mada

Ndugu wachangiaji, kila matokeo ya uchaguzi wa Afrika Kusini yanapotangazwa, hukumu ile ile hutolewa upya: kwamba watu wa nchi hiyo hawapigi kura bali wanahesabiana rangi, weusi wakienda ANC, chama cha ukombozi, Wazungu wakienda DA, chama kilichokuwa mpinzani wake mkuu, na jamii nyingine zikienda kwa yule wanayemwogopa kidogo zaidi. Wanaotoa hukumu hiyo humsihi mpigakura aachane na rangi, achague hoja. Mimi naona lawama hiyo inamwangukia asiyestahili. Mpigakura wa kawaida wa nchi hiyo, hasa mweusi, amekuwa akipima hoja tangu Aprili 1994, ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa watu wa rangi zote. Walioshindwa kuachana na rangi ni viongozi wa vyama, ambao wameendelea kumhesabu kwa ngozi yake hata pale alipowaeleza wazi kinachomuuma.

Nchi ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 1913 iliwatengea Waafrika takribani asilimia 7 ya ardhi, ikaongezewa mwaka 1936 hadi kama asilimia 13, na ambayo sheria ya mwaka 1950 iliamua nani aishi mtaa gani kwa kuangalia rangi yake, haiwezi kuwatenganishia raia wake rangi na hoja kwa siku moja ya uchaguzi. Ardhi ni hoja, na maji ya bomba ni hoja, kama ilivyo nauli ya mtu anayeamka alfajiri kusafiri kwenda kufanya kazi katika mtaa ambao babu yake alikatazwa kulala. Mama anayekipigia kura chama kilichompa nyumba, umeme na ruzuku ya mtoto amepima maslahi yake kama anavyofanya mfanyabiashara anayepigia kura chama kinachoahidi kupunguza kodi. Tukimtazama kutoka mbali tunaona rangi peke yake, kwa sababu makaburu walihakikisha kwamba wasio na nyumba wawe wa rangi moja.

Chukueni mfano wa vyoo, ambao nauona una mafunzo kuliko hotuba zote za kampeni. Katika eneo la Makhaza, ndani ya kitongoji cha Khayelitsha mjini Cape Town, manispaa iliyokuwa chini ya DA iliweka vyoo vya kuvuta maji na kuwaachia wakazi kazi ya kuvijengea kuta. Wengi walijijengea, lakini vyoo 51 vilibaki wazi, na watu wakawa wanajisitiri kwa blanketi mbele ya wapita njia. Aprili 2011 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba utu wa watu hao umevunjwa, na ANC ikafanya kesi hiyo kuwa silaha ya kampeni ya serikali za mitaa ya mwezi Mei. Kabla kura hazijapigwa ikabainika kwamba huko Rammulotsi, katika jimbo la Free State, manispaa ya Moqhaka iliyoongozwa na ANC yenyewe nayo ilikuwa na vyoo vingi visivyo na kuta. Mwenye choo kisicho na ukuta hakuwa na haja ya kufundishwa kwamba hoja haina rangi, maana alikuwa ameishi nayo chini ya vyama vyote viwili.

Sasa tazameni kura. Mwaka 1994 ANC ilipata kura zaidi ya milioni 12. Mwaka 2024, baada ya miaka 30 na idadi ya watu kuongezeka sana, ilipata chini ya milioni 6.5, ikashuka kutoka asilimia 62 hadi asilimia 40. Mamilioni hayo ya kura hayakuhamia kwa mpinzani mmoja. Sehemu kubwa ilibaki nyumbani: mwaka 1999 walijitokeza takribani asilimia 89 ya waliojiandikisha, na mwaka 2024 hawakufika asilimia 59. Anayepiga kura kwa rangi angeendelea kupiga, kwa kuwa rangi yake haijabadilika. Aliyebaki nyumbani ameiambia ANC kwamba imeshindwa, na wapinzani wake kwamba hawajamshawishi. Naomba michango, na hasa naomba nipingwe.

Mchangiaji kutoka Dodoma

Ndugu mleta mada, umeomba upingwe, nami sitakunyima.

Umetumia kubaki nyumbani kama ushahidi wa kupima hoja, lakini mtu anayechoshwa na chama chake na bado akashindwa kukipa kura chama kingine kwa sababu kinaonekana ni cha watu wa rangi nyingine, huyo amefungwa na rangi kuliko hata yule anayeipigia ANC kwa ushabiki. Tangu mwaka 2014 DA imekuwa ikizunguka kwenye asilimia 20 na 22, haipandi. Mwaka 2015 ilimchagua Mmusi Maimane kuwa kiongozi wake wa kwanza mweusi. Uchaguzi wa 2019 ulipofika, ilipoteza baadhi ya wapigakura kwa chama cha Freedom Front Plus, chenye mizizi miongoni mwa Makaburu, ambacho kilitoka chini ya asilimia 1 na kupita asilimia 2. Miezi michache baadaye Maimane akajiuzulu. Ukitaka kumwona mpigakura wa rangi, usiishie vitongojini. Nenda na kwenye mitaa yenye mabwawa ya kuogelea, ambako hakuna anayeulizwa swali hili.

Nina jambo zito zaidi, nalo ni KwaZulu-Natal, jimbo la Wazulu. Mwaka 2009, Jacob Zuma, ambaye ni Mzulu, alipokuwa mgombea urais wa ANC, chama hicho ilishuka karibu kila jimbo lakini huko ikapanda kutoka takribani asilimia 47 hadi karibu asilimia 63. Mwaka 2024 Zuma akiwa upande wa chama kipya cha MK, kilichoandikishwa mwaka mmoja tu kabla, chama hicho kilichukua asilimia 45 ya kura za jimbo na ANC ikabaki na asilimia 17. Niambie ni hoja gani iliyohama pamoja na mtu mmoja. Rangi imepungua nguvu, nakubali, lakini naona nafasi yake inachukuliwa na kabila, na hilo kwangu ni kutoka kwenye mvua na kuingia mtoni.

Mchangiaji anayeishi Johannesburg

Waheshimiwa, mimi si raia wa nchi hii wala sina kura, lakini nimeishi hapa muda wa kutosha kuona mambo ambayo takwimu haziyasemi.

Tarehe 29 Mei 2024 foleni ya kituo kilicho karibu nami ilikuwa bado ndefu usiku, kwa sababu safari hii kila mtu alipewa karatasi tatu na mashine za kuhakiki majina zilikuwa zikigoma. Jirani yangu, mama wa makamo anayefanya usafi ofisini, alikaa kwenye foleni hiyo tangu jua likiwa juu. Aliporudi nilimuuliza, kwa utani, kama amemchagua mtu wa kwao. Akanieleza kwamba karatasi ya taifa ameipa ANC kwa ajili ya ruzuku ya wajukuu, na karatasi ya jimbo amekipa chama kingine, kwa sababu maji katika mtaa wetu hukatika hata siku nne na hakuna anayeomba radhi. Kwa hiyo mtu mmoja, katika kibanda kimoja, alitoa hukumu mbili tofauti. Niliposisitiza kwa nini asiinyime ANC zote mbili, alinijibu kwa lugha yake jambo ambalo kwetu tungelisema hivi: zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Naomba ndugu wa Dodoma auone uzito wa jibu hilo. Mama huyu hana chuki na DA kwa sababu ya rangi ya viongozi wake. Anachohofia ni kwamba wakishika nchi ruzuku itaguswa, na hajawahi kumwona mtu wa chama hicho akija mtaani, nje ya msimu wa kampeni, kumweleza vinginevyo. Hofu yake inaweza kuwa na makosa, lakini ni hofu ya bajeti.

Mchangiaji kutoka Morogoro

Nachangia kwa ufupi. Mimi ni mkazi wa Morogoro, na mkutano wa ANC uliofanyika hapa mwaka 1969 ndio uliofungua uanachama wa chama hicho, kwa wale waliokuwa uhamishoni, kwa watu wasio Waafrika. Nafasi katika kamati kuu ya taifa hawakuipata mpaka mkutano wa Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Miaka 16 kati ya kumkubali mtu awe mwanachama na kumkubali akuongoze, tena ndani ya chama kilichoapa kupinga ubaguzi na ambacho vijana wake walikuwa wakisoma pamoja hapa Mazimbu, kwenye shule ya chama hicho! Tusimshangae mpigakura anayechukua muda.

Mchangiaji kutoka Kisumu

Ninaona mnajadili moyo wa mpigakura huku mkiuacha mtambo anaoutumia. Bunge la Afrika Kusini lina viti 400 vinavyogawanywa kwa uwiano wa kura, na majina ya wabunge hupangwa na chama. Mwananchi wa kitongojini hana mbunge ambaye anaweza kumfuata na kumwambia kwamba barabara aliyoahidi haijajengwa. Anachopewa ni alama ya chama, na alama ya chama hubeba historia kuliko hoja. Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2020 kwamba wagombea binafsi waruhusiwe, ndiyo maana mwaka 2024 ikaongezwa karatasi ya tatu, lakini hakuna hata mgombea binafsi mmoja aliyepata kiti. Katika serikali za mitaa, ambako nusu ya madiwani huchaguliwa kwa kata, hali ni tofauti kidogo, na huko ndiko wagombea binafsi hupenya. Mnataka watu wachague hoja? Wapeni kwanza mtu wa kumdai hoja hiyo.

Mleta mada

Nawashukuru, na nitaanza na mgumu kuliko wote, yaani KwaZulu-Natal. Sina namna ya kulikwepa jambo hilo, wala sitadai kwamba kura za MK zilikuwa za ilani ya chama. Ninachoweza kusema ni kwamba jimbo hilo hilo mwaka 1994 liliipa IFP, chama chenye mizizi miongoni mwa Wazulu, nusu ya kura zake, kisha likaenda ANC, kisha likaenda MK, na katika safari zote hizo wapigakura wengi walikuwa Wazulu wale wale. Kabila halikubadilika ilhali chama kilibadilika mara mbili. Heshima kwa mtu wa nyumbani ilikuwapo, bila shaka, lakini ilikuta shamba limekwisha kulimwa na ukosefu wa ajira, mafuriko ya Durban ya Aprili 2022 ambayo waathirika wake walisubiri nyumba muda mrefu, na hasira dhidi ya serikali iliyokuwa madarakani. Ndugu wa Dodoma ataniambia kwamba hasira hiyo ingeweza kwenda kwa chama chochote, na kwamba ilichagua njia ya kabila. Hapo tutabaki tukitofautiana.

Kuhusu muundo wa uchaguzi, namkubalia ndugu wa Kisumu nusu. Mfumo wa uwiano ndio ulioviingiza bungeni vyama vidogo mwaka 1994 na kuwapa wachache sababu ya kubaki ndani ya nchi na ndani ya katiba. Kama kungekuwa na majimbo ya mshindi mmoja, ANC ingeweza kuchukua viti vingi zaidi ya vile 252 ilivyopata, na ramani ya bunge ingefuata ramani ya mitaa iliyopangwa kwa rangi.

Niongeze jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Tangu Juni 2024, ANC ilipolazimika kuunda serikali ya umoja wa kitaifa pamoja na DA, IFP na vyama vingine, siasa za nchi hiyo zimeanza kubishania mambo yenye tarakimu. Februari 2025 bajeti iliahirishwa siku ile ile iliyopaswa kusomwa, kwa sababu washirika walikataa kodi ya ongezeko la thamani kupandishwa kutoka asilimia 15 hadi 17. Waziri wa fedha, Enoch Godongwana, alirudi mwezi Machi na nyongeza ya nusu asilimia kwa mwaka huo na nusu nyingine mwaka uliofuata. Bunge lilipopiga kura tarehe 2 Aprili, mfumo wa bajeti ulipita kwa kura 194 dhidi ya 182, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo DA, Freedom Front Plus, EFF na MK. Rudieni orodha hiyo polepole. Chama cha wakulima wa Kizungu (Freedom Front Plus) na chama kinachotaka ardhi itwaliwe bila fidia (EFF) walikuwa upande mmoja, kwa sababu ya bei ya vitu dukani. Kabla Aprili haijaisha, nyongeza yenyewe ikaondolewa.

Si kwamba wanasiasa hao waliamka siku moja wakiwa waungwana. Walifanya hivyo kwa sababu wapigakura waliinyima ANC wingi wa viti, na bila wingi huo hakuna awezaye kupitisha kodi kwa kutegemea historia ya ukombozi. Ndugu wa Dodoma, hilo ndilo ninalotaka ulijibu utakaporudi: kama kura ya Mei 2024 ilikuwa ya rangi na kabila, imewezaje kuzaa bunge linalogawanyika kwa bei ya vitu?