Mrejesho: programu ya usafi iliyogoma kufuta data za brauza

Wakuu, wiki iliyopita niliomba msaada hapa: programu yangu ya kusafisha kompyuta ikifika kwenye brauza inaganda, na hata ikimaliza, historia na kuki (vifaili ambavyo tovuti huweka ili zikukumbuke) zipo pale pale. Naleta mrejesho kama nilivyoahidi.

Aliyesema brauza haijafungwa kweli alipatia. Nilikuwa nabofya ile X na kuamini imefungwa, kumbe chini kwa chini bado inachapa kazi. Nilibonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua orodha ya programu zinazofanya kazi kwenye Windows, nikakuta jina lake limejipanga mara sita, limeshikilia mafaili yake, na faili likishikiliwa hivyo programu nyingine hailifuti. Nikazima zote, kisha kwenye mipangilio ya brauza nikaiondolea ruhusa ya kuendelea kufanya kazi ikishafungwa. Usafi ukapita chini ya dakika moja, zikaondoka GB 3 na ushee, karibu zote kashe (nakala za muda za kurasa nilizotembelea).

Jioni yake historia ikarudi, nikachoka kabisa! Kumbe ni ulandanishi (sync): akaunti yangu ya brauza ilikuwa na nakala ya historia na inaishusha upya. Safari hii nikafutia ndani ya brauza yenyewe ili ifutike na kwenye akaunti, Ctrl+Shift+Delete, nikachagua muda wote, nywila sikuzigusa.

Kufuta kuki nako kumenitoa kwenye akaunti zangu kila mahali, hadi barua pepe ya kazini. Leo nimeshinda nikiingiza namba za uthibitisho. Ile sehemu ya programu ya kusafisha rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) nimeiacha kama ilivyo. Mdau uliyenionya nisiiguse, asante sana.