Nimeandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python miaka 4, sasa niende lugha ya Haskell au Prolog?

Muuliza, Sinza: Wakuu, kila tatizo nalitatua kwa lupu ileile (amri ya kurudia hatua). Nikiongeza lugha ya Java, fikra zangu zitabadilika kweli?

Mdau wa Tabata: Java utaizoea haraka, kichwa kitabaki palepale. Shika Haskell, ya 1990. Thamani ikishawekwa haibadiliki, lupu ya for haimo. Badala ya lupu, fankisheni (kipande cha programu chenye kazi yake) inajiita yenyewe ili kurudia. Nilihangaika wiki nzima kujumlisha nauli za daladala, Gerezani hadi Kimara! Niliporudi kwenye Python, fankisheni zangu zikawa fupi, hazibadilishi data iliyo nje yake.

Mdau wa Temeke: Hata Prolog, ya 1972. Unaandika "mzazi(asha, juma).", yaani Asha ni mzazi wa Juma, na kanuni ya kumtambua bibi. Ukiuliza bibi wa mtu ni nani, Prolog yenyewe inamtafuta.

Muuliza: Shukrani wakuu. Usiku huu naanza na hizo nauli.