Mabaka meupe matakoni na mapajani, miaka 5, dawa za mba hazikufua dafu: kinyama kikatwe wapi?

karafuu_kavu

Assalamu alaykum wakubwa. Mgonjwa ni kijana, miaka 20 na kitu, huku Pemba. Ana mabaka meupe, mengine yana ungaunga, kiunoni, matakoni, mapajani kwa ndani na karibu na kwapa. Mwaka wa 5 huu yanafifia na kurudi. Yanawasha kidogo usiku. Kashatibiwa mba, kashapewa dawa ya choa, na krimu za mchanganyiko za dukani humtuliza wiki mbili tu. Kipimo cha ukoma cha kukwangua ngozi hakikuona vijidudu. Nashuku limfoma ya ngozi (saratani ya chembe nyeupe za kinga), ile maikosisi fungoidesi. Panchi, yaani visu vya mviringo vya kukatia kinyama cha kupima, ninazo za milimita 3 na 4. Nikate wapi, vipande vingapi, na nivivushe vipi hadi Unguja visiharibike? Na nikiletewa jibu la "ukurutu sugu", niliamini?

ngozi_unguja

Waalaykumu ssalaam dokta. Shaka yako ina msingi, na kilichoipa nguvu ni mahali mabaka yalipokaa. Mba hupenda shingo, kifua na mgongo wa juu. Maikosisi hupenda pale nguo inapoficha jua: matako, kiuno, mapaja, chini ya matiti. Kwa ngozi nyeusi, hasa kwa watoto na vijana, huja kama weupe, si ule wekundu uliomo vitabuni, ndiyo maana huzungushwa miaka. Na jina lisikupoteze: Alibert wa Ufaransa aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1806 aliona uvimbe mfano wa uyoga. Fangasi hamna humo, griseofulvini, dawa ya fangasi, haina kazi.

Ila usiufunge mlango wa ukoma bado. Mwenye ukoma wa mabaka machache huwa na vijidudu vichache mno, kipimo cha kukwangua humpita. Chukua pamba, isokote ncha iwe nyembamba kama uzi, mwambie afumbe macho, gusa bila kuburura, naye aoneshe kwa kidole palipoguswa. Nje ya baka akipatia na ndani akawa hahisi, huo ni ukoma mpaka ithibitike vyengine. Papasa na mishipa ya fahamu: kwenye kiwiko, ubavuni mwa shingo, na chini ya goti kwa upande wa nje. Pima VVU na kaswende, maana yote mawili huiga maradhi ya ngozi ya kila namna.

Sasa kinyama. Hapa ndipo pengi huharibika, na huharibika kabla ya panchi kushikwa. Mwachishe krimu zote wiki 2 hadi 4, apake vaselini tupu. Stiroidi, dawa ya kutuliza uvimbe iliyomo kwenye krimu nyingi, huzifukuza limfosaiti (chembe nyeupe za kinga) kutoka tabaka la juu la ngozi, na limfosaiti kupanda tabaka lile ndicho kitu hasa anachokitafuta msomaji wa hadubini. Usimuulize "unapaka stiroidi?", atakwambia hapana. Mwambie alete mkoba wote wa dawa, usome maandishi madogo kila tyubu: betamethazoni, klobetasoli. Na asianzishiwe saiklosporini, dawa ya kushusha kinga, kwa kubahatisha. Ikiwa kweli ni limfoma, dawa ile huweza kuukoleza ugonjwa.

Panchi ya 3 iweke kando, tumia ya 4, na ukipata ya 6 ni bora zaidi. Kata vipande 2 au 3, kila kimoja kutoka baka lake, ukichagua baka la zamani, lililonenepa kuliko mengine, lisilokwaruzwa kwa kucha. Lignokeini, dawa ya ganzi, ichome chini ya baka. Panchi ishuke mpaka uone mafuta. Kinyama kinyanyue kwa ncha ya sindano, usikibane kwa koleo: limfosaiti zikibanwa hubururika kama wino uliopitiwa na kidole, na hapo hakuna wa kuzisoma.

hadubini

Niongeze upande wa maabara, kwani vipande vingi hufika vimeshakufa mara ya pili.

Formalini, maji ya kuhifadhia kinyama, ya 10% ni sehemu 1 ya ile kali ya dukani kwa sehemu 9 za maji. Kuna wanaotumia kali kama ilivyo, kipande kikakauka nje na kuoza ndani. Na iwe iliyotulizwa asidi. Kwa lita 1: mililita 100 za formalini kali, mililita 900 za maji yaliyokenekwa, gramu 4 za sodiamu dihidrojeni fosfeti, gramu 6.5 za daisodiamu hidrojeni fosfeti isiyo na maji. Isiyotulizwa huchachuka, huvunja DNA, na huacha chembe nyeusi ambazo kwenye ngozi yetu hufanana na rangi ya mwili.

Ujazo uwe angalau mara 10 ya kipande. Kila kipande na chupa yake, jina la mahali liandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Tumia penseli, formalini ikimwagika hufuta wino. Funga plasta kuzunguka kifuniko, chupa isimame wima ndani ya kopo lenye pamba, kwani boti hutikisa. Isigandishwe. Lengo ni kipande kifike maabara ndani ya saa 72. Kikilala wiki nzima kwenye formalini, vipimo vya CD (alama za juu ya chembe) na vya jeni hudhoofika.

Fomu nayo ni nusu ya jibu. "Vipele, tafadhali chunguza" haimsaidii mtu. Andika miaka 5, sehemu zisizo na jua, hisia zipo au hazipo, krimu ziliachwa tarehe gani, na uandike kwa neno lake: "je, ni maikosisi fungoidesi?"

ngozi_unguja

Kuhusu "ukurutu sugu": usiliamini kwa mara moja, wala usilibeze. Hatua za mwanzo hufanana mno na ukurutu, na kukata tena baada ya miezi 3 hadi 6 ni kawaida. Omba CD3, CD4, CD8, CD7 na CD20. Chembe za T, aina ya limfosaiti, zilizopanda juu na kupoteza CD7 huongeza shaka, ila peke yake hazitoshi, maana uvimbe wa kawaida nao huipoteza. Na CD8 ikitawala usishangae, kwa mabaka meupe ndivyo inavyotokea mara nyingi. Palipo na kipimo cha jeni za TCR (kipokezi cha chembe za T), ukoo uleule wa chembe kwenye mabaka mawili tofauti una uzito mkubwa kuliko kwenye moja.

karafuu_kavu

Nimefahamu, Allah awalipe. Na ukubwa wa ugonjwa niukadirie vipi wakati nasubiri?

ngozi_unguja

Kiganja chake mwenyewe pamoja na vidole ni kama 1% ya ngozi. Chini ya 10%, mabaka matupu, hiyo ni hatua ya kwanza kabisa, na wengi wa wagonjwa wake huishi umri wao kama wenzao. Mwambie hivyo kabla hujalitaja neno saratani. Papasa mitoki ya shingo, kwapa na kinena. Iliyozidi sentimita 1.5 iandike. Kitakachokufanya usisubiri ni uvimbe wa sentimita 1 au zaidi, kidonda kwenye baka, au mwili mzima kuwa mwekundu, kuwasha na kubambuka. Kwa ngozi nyeusi wekundu ule huonekana kama weusi uliokolea. Huyo mvushe siku hiyohiyo pamoja na damu ya kuangalia chembe za Sézary, yaani chembe za T za saratani zilizoingia kwenye damu.