Eti "hili unauza kwa kilo?"

Wakuu, mikono bado inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie.

Yule jamaa mnamjua. Yule wa Toyota Harrier, ile tunayoiita Anaconda, namba mpya za E, anayezima gari halafu anabaki ndani dakika tano ili tumwone. Leo asubuhi niko foleni ya mafuta na Peugeot 504 aliyoniachia marehemu baba. Akashusha kioo taratibu, mbele ya dada wa pampu, mama mkwe wangu yuko siti ya nyuma, akaniuliza: "Mzee, hili unauza kwa kilo?"

Kwa kilo! Peugeot! Kama mabati ya choo!

Mama mkwe akacheka. Mengine yote ningesamehe, ila mama mkwe alicheka mpaka khanga ikamdondoka.

Gari hili limepanda mlima Kitonga na watu tisa, magunia na mbuzi, na mbuzi aliposhuka Iringa alidai chenji. Likigoma unafungua boneti, injini yote hiyo hapo unaiona, unasafisha kabureta, unapiga pointi msasa, safari inaendelea. La kwake likigoma linawasha kitaa cha njano halafu linanyamaza kama karani aliyekwenda chai. Mpaka fundi aje na kompyuta kuliuliza linaumwa wapi! Mwezi uliopita kibetri cha funguo, kidogo kama kifungo cha shati, kilikufa, akabaki anazunguka gari lake mwenyewe kama mwizi. Nani alimpa lifti? Hili la kilo!

Limeshinda mashindano ya magari ya Safari Rally mara sita jamani. SITA. Halafu mtu mwenye skrini kubwa kuliko ya sebuleni kwangu ananiuliza kilo.

Na mama mkwe alicheka.

Fundi Msasa: Mkuu punguza. Sita ni za Peugeot kwa jumla. Nne ni za 404: 1963, 1966, 1967 na 1968. 504 ni 1975 na 1978 tu, na ile ya 1978 ilikuwa ya milango miwili, injini V6. La kwako ni la mkaa.

Mtoto wa Gerezani: Mleta uzi hajajibu swali. Kilo bei gani?

Mleta uzi: Wewe ndiye yeye nini?

Binti Korogwe: Mama mkwe namwelewa kabisa. Nimewahi kupanda moja ya hizo kutoka Tanga, nimefika gauni jeupe limekuwa kaki. Mlango niliushikilia kwa mkono njia nzima.

Babu Klachi: Watoto hawa hawajui hata gia ya usukani. Waacheni.

Mtembea kwa Miguu: Nyie mnagombania magari. Mimi jana boda kanichaji elfu nne, Ubungo hadi Manzese!

Mtoto wa Gerezani: Elfu nne? Mvua ilikuwepo?

Mtembea kwa Miguu: Mvua wapi! Jua kali, na helmeti inanuka samaki.

Fundi Msasa: Bora wewe. Mimi nimepigwa tochi ya trafiki nina spidi 54 kwenye 50. Elfu thelathini imekwenda.

Mleta uzi: Jamani, tunaongelea kilo hapa.

Binti Korogwe: Samaki gani, wabichi au wakavu?