Hilux LN106 imelala upande wa dereva, usukani nao unatetemeka. Nianzie wapi?

Mbebaviazi:
Habari zenu wakuu. Nina Hilux LN106 ya injini ya 3L, springi za majani mbele na nyuma, kazi yake kutoa viazi shamba huku Njombe. Ukiipaki sehemu tambarare unaona kabisa imelala kulia, halafu nikiwa kwenye spidi 70 hivi nikigonga kashimo kadogo tu usukani unatetemeka mpaka mikono inacheza, nipunguze sana ndo unatulia. Fundi anasema ninunue shokapu zote nne na stelingi dampa (kile kishokapu cha usukani). Hela yenyewe ya kuungaunga, nisaidieni.

Grisi Nyeusi:
Mkuu usinunue kwanza. Shokapu haibebi gari, inazuia tu lisidundedunde, kinachobeba ni springi. Gari kulala huwezi kutibu kwa shokapu. Hapo una magonjwa mawili, yapime mbalimbali.

Anza na kulala. Gari tupu, upepo wa tairi uwe sawa, weka jeki katikati chini ya difu ya nyuma (lile bonge la gia kwenye ekseli) unyanyue mpaka tairi za nyuma ziache ardhi. Ila za mbele uziwekee mawe kwanza tafadhali, hendibreki inashika nyuma tu, ukishanyanyua haishiki kitu! Sasa mbele ikikaa sawa ujue tatizo liko springi za nyuma, ikiendelea kulala vilevile basi ni springi ya mbele. Majani hupenda kukatika pale kwenye yu-bolti, zile za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, na tope linaficha, piga brashi ya waya ndo utaona.

Tandiboi Mstaafu:
Naongezea, angalia na senta bolti, ile inayobana majani ya springi pamoja. Ikikatika ekseli inahama, kwa hiyo pima toka habu (kitovu cha tairi) ya mbele hadi ya nyuma kushoto, kisha kulia, vipimo vikipishana umeshapata jibu.

Dampa inaficha mtetemo tu. Hiyo yako mbele ni ekseli nzima, haina boljointi za kugeuzia tairi, we tafuta kwenye tairodi (chuma kinachounganisha tairi mbili za mbele), bushi za springi (zile raba) na beringi za kingipini (pale tairi la mbele linapogeukia). Nyanyua mbele, shika tairi juu na chini utikise, likicheza mwambie mtu akanyage breki utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi ya tairi, ukibaki ni kingipini.

Mbebaviazi:
Asanteni sana wakuu. Nimeweka jeki nyuma, mbele ikakaa sawa kabisa, kuangalia springi ya nyuma kulia kumbe jani la pili limekatika chini ya yu-bolti. Na tairi la mbele kulia hata breki ikikanyagwa bado linacheza.

Grisi Nyeusi:
Umeshaupata huo. Springi ya nyuma shughulikia pande zote mbili, ukigusa moja litalala upande wa pili. Kingipini fungua upande mmoja mmoja na zile shimu (vibati vyembamba) za juu na chini ziwekee alama, zikichanganyika nako (kile kipande kinachogeuka na tairi) haikai katikati. Weka na sili mpya ya ndani, ikichoka oili ya difu inaingia kwenye grisi na beringi zinakufa tena. Bolti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya jeki, shusha kwanza uzito ukae kwenye tairi ndo ukaze, la sivyo raba inajisokota na kuchanika mapema. Yu-bolti rudia kuzikaza ukishapiga safari chache na mzigo.