Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji: wa pili nijaribu njia ya kawaida?

Mama Kijacho: Habari zenu. Nina ujauzito wa wiki 30. Mtoto wangu wa kwanza, mwenye miaka mitatu, alizaliwa kwa upasuaji kwa sababu alitanguliza makalio. Daktari ananiruhusu kujaribu njia ya kawaida, lakini mama mkwe anasisitiza kwamba aliyepasuliwa mara moja hupasuliwa daima, nami naogopa kovu kufumuka. Ninyi mliamuaje?

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, hofu yako ina msingi, ila ipime. Kwa mwenye kovu moja lililokatwa kwa kulala sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, kovu hufumuka kwa takribani mwanamke mmoja kati ya 200 wanaojaribu, na karibu robo tatu yao hujifungua bila kupasuliwa. Sababu yako ilikuwa mlalo wa mtoto, wala si nyonga, na huyu akitanguliza kichwa sababu hiyo haipo tena. Hata hivyo, kovu la ngozi halionyeshi jinsi mfuko ulivyokatwa ndani, kwa hiyo tafuta karatasi uliyopewa uliporuhusiwa kutoka wodini. Ikiwa ulikatwa wima sehemu ya juu, usijaribu kabisa. Jifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya akiba usiku na mchana, si zahanati. Nakusihi pia usinywe dawa yoyote ya kienyeji ya kuongeza uchungu, hata ukipewa na mtu anayekupenda.

Mama wa Watatu: Dada, mimi nilichagua kupasuliwa tena katika wiki ya 39, kwa kuwa kutoka kwetu hadi hospitali ni mwendo wa saa tatu kwa gari, na kovu likifumuka njiani hakuna wa kukusaidia. Sijutii. Lakini fikirieni idadi ya watoto mnaotaka, maana kila upasuaji huongeza uwezekano wa kondo la nyuma kujishikiza kwenye kovu katika mimba inayofuata, jambo linaloweza kuleta kutokwa na damu nyingi sana.

Mama Kijacho: Shikamoo mama, na asante dada. Karatasi nimeipata: mkato ulikuwa wa kulala, chini. Tunatamani watoto wanne, na hospitali ya mkoa ni dakika 20 kutoka nyumbani. Mtoto akikaa vizuri nitajaribu. Jibu lako, mama, nitamsomea mama mkwe jioni hii.